Maswali ya Wasomaji: Dabo, Fibonacci na Hesabu ya Kupandisha Dau

Katika toleo lililopita tuliandika kwa kupita kwamba kupandisha dau kila unapoliwa (yaani kila unapopoteza dau) hakuondoi hasara, kunaikusanya tu mahali pamoja. Barua zilizofuata ni nyingi, baadhi zina hasira. Tumechukua zile zinazouliza mambo tofauti. Hesabu zote zilizomo humu msomaji anaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha simu, na tunamwomba afanye hivyo kabla ya kutuamini.

“Wiki ya tatu sasa sijaliwa. Kosa liko wapi?”

*Habari za kazi wahariri. Nacheza ruleti. Naweka 1,000 kwenye nyekundu. Nikiliwa naweka 2,000, kisha 4,000, hivyo hivyo mpaka nile, halafu narudi 1,000. Nikila mara moja tu, nilichopoteza chote kinarudi na buku juu. Nimetenga 127,000, zinatosha dabo saba. Wiki ya tatu sasa natoa faida. Mnaposema ni hasara mnamaanisha nini? – Msomaji, Mbagala*

Mtindo wako wa dabo, yaani kuzidisha dau kwa mbili kila unapoliwa, una jina la zamani, Martingale, na ulichezwa Ufaransa tangu karne ya 18. Umeueleza sawasawa. Madau yako ni 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000, jumla 127,000. Popote utakapokula kati ya hayo saba, faida ni 1,000 ileile. Sasa simama kidogo kwenye dau la saba. Mezani kuna 64,000, nyuma yake 63,000 zimeshaondoka, na unachokitafuta hapo ni buku moja.

Tuite safari moja kila mara unapoanza na 1,000 hadi ule au umalize madau saba. Ruleti ya Ulaya, gurudumu linalozungushiwa mpira, ina matundu 37: mekundu 18, meusi 18, na sifuri moja ya kijani. Ukishika nyekundu, matundu 19 kati ya 37 yanakula fedha yako, yaani asilimia 51.35. Ili uliwe mara saba mfululizo, zidisha 0.5135 kwa yenyewe mara saba: utapata asilimia 0.94, kama safari moja katika kila 106. Safari 105 zinakuletea 105,000. Moja inaondoka na 127,000. Ukigawa hasara inayobaki kwa safari zote, bila kukadiria desimali, kila safari inakugharimu wastani wa shilingi 205, hata zile ulizomaliza ukitabasamu.

Namba hiyo 205 haikutoka hewani. Meza ya sifuri moja hubakiza asilimia 2.70 ya kila shilingi inayowekwa, iwe dau la kwanza au la saba. Kwa mtindo wako, safari moja hupitisha mezani wastani wa shilingi 7,594, na asilimia 2.70 yake ndiyo 205. Unachobadilisha ni ukubwa wa dau, na asilimia haijali ukubwa huo. Kama meza ina sifuri mbili, ile ya Kimarekani yenye matundu 38, wastani wa hasara unapanda hadi 432 kwa safari, zaidi ya mara mbili. Angalia gurudumu kabla ya kuweka chochote: sifuri moja au mbili, tofauti ni hiyo.

Kuhusu wiki zako tatu. Tuseme unafanya safari tano kwa siku, siku 21, jumla 105. Watu 100 wakicheza hivyo hivyo kwa muda huohuo, kama 37 hawatakutana na ule mfululizo wa saba. Hao 37 ndio wanaosimulia kijiweni, na wanasema kweli. Wale 63 wamenyamaza. Na hata huyo aliyenusurika ana faida ya 105,000, ambayo haitoshi kufidia dabo saba zikikatika mara moja.

Kipimo kingine, ambacho huwashangaza hata wazoefu: tuseme unataka mtaji wako wa 127,000 uwe mara mbili. Kwa mtindo wako unahitaji safari 127 bila kuanguka, na nafasi ya kufanikiwa ni asilimia 30. Mtu anayeweka 127,000 zote kwenye nyekundu mara moja ana nafasi ya asilimia 48.65. Hatumshauri mtu yeyote afanye hivyo. Tunaonyesha tu kwamba utaratibu unaoonekana wa mtu makini ndio unaoipitisha fedha yako mara nyingi zaidi mbele ya sifuri.

Mwisho, soma kibao cha meza, au ukurasa wa kanuni kama ni ya simu. Mahali ambapo dau la chini ni 1,000 na la juu ni 100,000, dabo ya nane ya 128,000 haipokelewi. Wenye meza wanaujua mtindo huu kuliko mchezaji, na kikomo hicho ndicho jibu lao.

“Na mwenye mtaji mnene?”

*Mimi nafanya biashara ya mazao, mtaji ninao. Nikiweka milioni nzima pembeni, si nitakuwa salama kuliko hao wa dabo saba? – Msomaji, Njombe*

Utaanguka mara chache zaidi na kwa kishindo zaidi. Dabo kumi kuanzia 1,000 zinahitaji 1,023,000, na nafasi ya kuliwa zote kumi ni moja katika 784. Lakini wastani wa hasara kwa safari unapanda kutoka 205 hadi 306, kwa sababu fedha nyingi zaidi zinapita mezani kuitafuta buku ileile. Nafasi ya kuifanya milioni yako kuwa mbili inashuka hadi asilimia 27. Fedha ya mahindi iache kwenye mahindi.

“Nyeusi imetoka mara sita, si zamu ya nyekundu?”

*Nakaa pembeni bila kucheza mpaka nyeusi itoke mara sita mfululizo, ndipo naanza dabo kwenye nyekundu. Nafasi ya mara kumi na tatu mfululizo ni ndogo sana. – Msomaji, Nakuru*

Nafasi ya mara kumi na tatu ni ndogo kama unahesabu kabla ya ya kwanza kutoka. Wewe unaingia sita zikiwa zimeshatoka, kwa hiyo unachokikabili ni saba zilizobaki, na hizo zina nafasi ileile kama za mtu aliyeingia mlangoni sasa hivi. Mpira hauna daftari. Ubao wa matokeo unaowaka juu ya meza ni habari ya kweli kuhusu jambo lililokwisha, na hausemi chochote kuhusu linalokuja.

Usiku wa tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walirundika fedha kwenye nyekundu, na kadiri nyeusi ilivyoendelea ndivyo walivyozidi kuamini kwamba zamu imefika. Aliyeanza na faranga 1 tu akipiga dabo tangu mwanzo, dau lake la 26 lingekuwa faranga 33,554,432.

“Nafuata sare kwa Fibonacci”

*Wakuu, mimi sina habari na kasino. Nashika sare kwenye mpira, mechi moja moja. Nafuata namba za Fibonacci: 1,000, 1,000, 2,000, 3,000, 5,000, 8,000 na kuendelea, kila dau ni jumla ya mawili yaliyotangulia. Sare ikipatikana naanza upya. Mechi kumi bila sare hata moja, hiyo si rahisi. – Msomaji, Mwanza*

Huu ni mtindo wenye akili kuliko dabo, na ndiyo maana unahitaji jibu refu kidogo.

Kwanza ubora wake. Sare hulipa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo huna haja ya kuzidisha dau kwa mbili ili kurudisha. Ukitumia Fibonacci, unachohitaji ni odi (namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukila) isiyopungua 2.62. Chini ya hapo, ukichelewa kula, hata ukila hujafidia yaliyotangulia. Kwa odi ya 3.60, ukila kwenye dau la kwanza unapata faida ya 2,600. Ukila kwenye la tano (5,000, jumla uliyotoa 12,000) unapata 6,000. Ukila kwenye la kumi (55,000, jumla 143,000) unapata 55,000. Kuanzia dau la pili, faida inakua kadiri unavyochelewa, na hapo ndipo mtu anapoanza kuufurahia uchelewaji.

Sasa chukua mechi yenyewe. Tuseme odi ni 1.95 mwenyeji, 3.60 sare, 3.60 mgeni. Gawa 1 kwa kila odi: 51.28, 27.78, 27.78. Jumla ni 106.84, wakati mechi haina zaidi ya asilimia 100 za kugawana. Hizo 6.84 za juu ndiko kampuni inakokaa. Ukitaka kujua uwezekano wa sare kwa makadirio ya kampuni yenyewe, gawa 27.78 kwa 106.84: ni asilimia 26, na siyo 27.78 inayodokezwa na odi. Fanya hesabu hii kwenye kila mechi unayoigusa, ni ya nusu dakika, na inakuonyesha kampuni ipi inakukamua zaidi ya nyingine.

Kukosa sare mara moja ni asilimia 74. Mara kumi mfululizo: 0.74 kwa yenyewe mara kumi, asilimia 4.9. Unasema si rahisi. Ni mara moja katika kila safari 20, na kila inapotokea inaondoka na 143,000. Msimu mmoja wa mchezaji anayebeti kila siku una safari nyingi kuliko 20. Safari moja hupitisha wastani wa shilingi 18,700, kampuni inabakiza asilimia 6.4, kwa hiyo unalipa kama 1,200 kwa safari. Linganisha na 205 ya ruleti.

Yanayoharibika kwa vitendo ni haya. Mechi za Jumamosi zinaanza pamoja, na mtindo huu unataka ujue matokeo ya kwanza kabla ya kuweka ya pili. Mtu akikosa subira anafungua safari mbili au tatu kwa wakati mmoja, na mtaji uliopangwa kwa moja unabeba tatu. Kisha, wiki isiyo na ligi kubwa, anashika ligi asiyoijua wala timu zake ili tu mfuatano usikatike. Halafu kuna kishawishi cha kuunganisha sare mbili kwenye mkeka (tiketi moja ya mechi kadhaa) ili odi iwe kubwa. Ujue kwamba makato ya kampuni yanazidishana pia: mechi moja inakurudishia wastani wa 93.6 kwa kila 100, mkeka wa mechi tano zenye makato hayohayo unakurudishia kama 72.

“Mbona nimekula na salio limepungua?”

*Nilipiga dabo kwenye odi ya 2.00, nikala kwenye la sita, lakini nikihesabu nimepungukiwa. Kampuni inaniibia? – Msomaji, Iringa*

Angalia kwanza mstari wa kodi kwenye tiketi. Serikali za Tanzania na Kenya zimekuwa zikikata kodi kwa wabetiji, na viwango vimebadilishwa mara kadhaa, kwa hiyo soma tiketi ya leo na siyo ya mwaka juzi. Tuchukue mfano wa makato ya asilimia 10 kwenye faida ya tiketi. Ukila kwenye dau la nne (8,000), faida ya tiketi baada ya kodi ni 7,200, ulishapoteza 7,000, unabaki na 200. Ukila kwenye la tano (16,000), unapokea faida ya 14,400 huku ulishapoteza 15,000. Umekula, na umepungukiwa 600. Kwenye la saba unapungukiwa 5,400.

Ili dabo irudishe kila kitu chini ya kodi hiyo, unapaswa kuzidisha kwa 2.11 badala ya 2. Dau la saba linakuwa kama 88,000 badala ya 64,000, na mtaji wa dabo saba unapanda hadi karibu 167,000. Wengi wanaofundisha dabo kwenye video hawaigusi hesabu hii, na ni kosa kubwa, kwa sababu mwanafunzi wao anaijua siku ameshaliwa.

“Roboti ya kindege”

*Kuna kundi la Telegram wanauza roboti ya Aviator kwa 50,000. Inatoa fedha yenyewe kindege kikifika 2.00, ikiliwa inadabo. Wanasema pia inajua kindege kitaanguka lini. Ninunue? – Msomaji, Arusha*

Usinunue. Aviator ni mchezo ambamo kizidishi cha dau lako hupanda pamoja na kindege, nawe unapaswa kutoa fedha kabla hakijaanguka. Roboti ina sehemu mbili, na kila moja ina ubaya wake.

Ile ya kujua kitaanguka lini haipo. Katika Aviator ya kampuni ya Spribe, matokeo ya raundi hutengenezwa kwa kuchanganya mbegu (namba ya nasibu) ya siri ya seva na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza walioweka dau raundi hiyo, kisha mchanganyiko unasagwa kuwa namba ndefu ambayo ndiyo inayoamua kizidishi. Mbegu ya seva imefungwa kabla ya raundi na inaonyeshwa baadaye ili ukague. Mtu wa Telegram hawezi kuzijua mbegu za wachezaji ambao bado hawajabonyeza kitufe. Picha za ushindi wanazotuma ni za raundi zilizokwisha, au za akaunti ya majaribio isiyo na fedha.

Ile ya kudabo ipo kweli, na ni dabo ileile ya Mbagala kwa kasi. Marejesho ya mchezo huu ni asilimia 97, maana yake uwezekano wa kufika kizidishi fulani ni 0.97 ugawe kwa kizidishi hicho. Kufika 2.00 ni asilimia 48.5. Kuliwa mara saba mfululizo ni safari moja katika 104. Kwa kanuni hiyohiyo, kama raundi 3 katika 100 kindege kinapotea palepale kwenye 1.00, kabla kidole hakijafanya lolote.

Tofauti na ruleti ya mezani ni saa. Raundi moja ikichukua sekunde 20, saa moja ina raundi 180, ambazo ni kama safari 88. Nafasi ya kukutana na mfululizo wa saba ndani ya saa hiyo moja ni asilimia 57. Mtu wa kasino angehitaji saa kadhaa kufika hapo. Roboti isiyochoka inakufikisha haraka, na kwa baadhi ya roboti hizo inabidi umpe muuzaji neno lako la siri la akaunti. Hapo huhitaji hata mfululizo wa saba.

“Mitindo ya polepole”

*Mzee mmoja hapa mtaani anacheza kwa kuandika namba kwenye karatasi na kuzifuta. Mwingine anapandisha dau moja moja. Wanasema dabo ni ya vijana wenye pupa. Nani kati yao yuko salama? – Msomaji, Tanga*

Mwenye karatasi anacheza mtindo wa Labouchère, uliopewa jina la mwanasiasa Mwingereza Henry Labouchère. Unaandika namba, mfano 1-2-3, zikiwa ni maelfu. Dau ni jumla ya namba ya kwanza na ya mwisho: 4. Ukila, unazifuta hizo mbili. Ukiliwa, unaandika dau ulilopoteza mwishoni mwa mstari. Karatasi ikiisha, umepata jumla ya namba za mwanzo, yaani 6,000.

Itazame ikienda. Unaliwa 4, mstari unakuwa 1-2-3-4. Unaliwa 5, unaliwa 6, unaliwa 7. Sasa mstari ni 1-2-3-4-5-6-7 na umetoa 22,000. Unaweka 8 (1 na 7), unakula, zinabaki 2-3-4-5-6. Unaweka 8, unakula, zinabaki 3-4-5. Unaweka 8, unakula, inabaki 4. Unaweka 4, unakula. Umeingiza 28,000, umetoa 22,000, faida 6,000. Umekula mara nne na kuliwa mara nne, na bado umefaidika. Kila kula kunafuta namba mbili, kila kuliwa kunaongeza moja, kwa hiyo kula kidogo zaidi ya theluthi moja ya mara zote kunatosha kumaliza karatasi. Ni mtindo mzuri kuutazama, na tunaelewa mzee anachokipenda.

Lakini liwa mara kumi tangu mwanzo: madau ni 4, 5, 6 hadi 13, jumla 85,000, na dau linalofuata ni 14,000. Dabo inakuua kwa mfululizo mmoja mkali. Labouchère inakuua kwa kipindi kirefu cha kuliwa mara nyingi kidogo kuliko kula, hata kama unakula hapa na pale. Mstari unarefuka mpaka karatasi inageuzwa upande wa pili.

Yule wa moja moja anafuata mtindo unaobeba jina la Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 18. Ukiliwa ongeza 1,000, ukila punguza 1,000. Kuliwa mara tatu (1, 2, 3) kisha kula mara tatu (4, 3, 2) kunakuacha na 3,000. Ni laini kweli. Ila mara kumi mfululizo zinatoa 55,000, na kuzirudisha kwa madau yanayoshuka kuanzia 11,000 kunataka ule mara saba mfululizo, jambo lenye nafasi ya asilimia 0.6 kwenye ruleti. Kwa hiyo unabaki shimoni muda mrefu, ukicheza madau makubwa, na kila dau linakatwa 2.70 yake.

Tukiulizwa nani anapoteza polepole zaidi kwa saa moja, ni huyu wa pili. Salama, hakuna.

“Je, nikigeuza?”

*Napandisha nikila badala ya nikiliwa. Nikila mara tatu naondoka. – Msomaji, Mombasa*

Huo unaitwa Paroli. Unaweka 1,000, ukila, unaacha 2,000, ukila, unaacha 4,000, ukila, unachukua 8,000. Nafasi ya kula mara tatu ni asilimia 11.5, kwa hiyo kila 1,000 inakurudishia wastani wa 921. Unapoteza, lakini kuna jambo moja la kweli kwa upande wako: kwenye jaribio moja huwezi kupoteza zaidi ya 1,000 uliyoanza nayo. Hakuna dau la 64,000 linalokungoja. Kama mtu ametenga elfu tano ya starehe na hatagusa nyingine, huu ndio mtindo usioweza kumtoa nje ya bajeti yake. Masharti ni kwamba elfu tano ikiisha, imeisha.

Wapo wanaouliza kama kuna fomula inayosema uweke kiasi gani. Ipo, ya mtafiti Mmarekani John Kelly, ya mwaka 1956: kwa mchezo unaolipa mara mbili, toa uwezekano wa kuliwa kwenye uwezekano wa kula. Ruleti nyekundu: 18/37 toa 19/37. Jibu ni hasi, na fomula ikileta jibu hasi maana yake ni dau la sifuri.

“Anasema anahitaji dau moja tu”

*Shikamooni wahariri. Mimi ni mhazini wa kikoba chetu. Mume wangu anabeti kwa kupandisha. Mwezi uliopita 340,000 za kikundi zilitoka kwenye simu yangu. Hajakataa. Anasema nikimtafutia mtaji wa dau moja tu atarudisha zote. Nimpe? – Msomaji, Dodoma*

Marahaba, dada yetu. Usimpe, hata nusu yake.

Anachokwambia si lazima kiwe uongo. Ndivyo mtindo wenyewe unavyofikiri. Kwa anayepandisha, dau linalofuata daima ndilo la kurudisha yote. Ili arudishe 340,000 kwa odi ya 2.00 anahitaji kuweka 340,000. Akiliwa, shimo ni 680,000, na wiki ijayo atakuwa anahitaji tena dau moja tu.

Leo badilisha namba ya siri ya simu yako, na usiiweke tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote nyumbani. Fedha ya kikundi itolewe kwenye simu ya mtu binafsi. Fungueni akaunti ya kikundi inayohitaji idhini ya watu wawili au watatu. Mweleze mwenyekiti wa kikoba kabla hajagundua mwenyewe, ukiwa na karatasi yenye kiasi kilichopotea na mpango wa kulipa kwa mwezi. Wanachama husamehe kuchelewa kwa urahisi kuliko kufichwa.

Na mumeo, kaa naye siku ambayo hakuna mechi. Mwombe aandike madeni yote, na hasa mikopo ya simu, ambayo mara nyingi ni zaidi ya mmoja na riba yake haingoji mwisho wa mwezi. Kisha afungue akaunti zake za kubeti mbele yako na aombe kujifungia. Kampuni nyingi zenye leseni zina kipengele hicho, au hukifanya ukiwapigia huduma kwa wateja. Achague muda mrefu kabisa unaotolewa, na afanye kwenye kila kampuni, kwa sababu kufunga moja huacha nyingine wazi. Azuie pia ujumbe wa bonasi. Kwa miezi michache, mshahara au mapato yake yapite mahali ambapo nyote wawili mnayaona.

Huenda akakasirika, akanyamaza, au asilale. Kuacha kubeti kwa mtu aliyezama kuna siku ngumu, na kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya mkoa hupokea wagonjwa wa namna hii kama wengine. Si jambo la aibu kumpeleka. Akisema kwamba hana sababu ya kuishi, au ukihisi anakusudia kujidhuru, usimwache peke yake, na mfike hospitali siku hiyohiyo.

Deni la kikoba lipangieni kiasi ambacho mapato yenu ya kawaida yanakimudu. Kwa 340,000, shilingi 28,500 kwa mwezi inalimaliza katika miezi 12.